Heri shari kamili kuliko nusu shari

Huku Huangpu mimi mzima, namshukuru Mungu. Najua nimepotea, mnisamehe. Zamu za usiku zimeniandama, na joto la Guangzhou siku hizi ni kama la Tanga mwezi wa pili, ila huku hakuna upepo wa bahari wa kumwonea mtu huruma. Nilipanga leo niwasimulie habari za hekalu la Nanhai, la mungu wa bahari, ambalo liko huku huku Huangpu tangu mwaka 594, na picha nilishapiga. Hizo zitasubiri. Leo nina hasira, na mnanijua, nikiwa na hasira silali mpaka niseme.

Jumapili iliyopita, saa tano usiku kwangu, saa kumi na mbili jioni kwenu, mdogo wangu alinipigia simu. Wengi mnajua kwamba yeye ndiye anayeangalia kompyuta za zahanati moja huko nyumbani. Hata salamu hakumaliza.

"Dada, skripti imekataa."

"Imekataa ikisema nini?"

"Sijui, ilileta maneno. Nimeirudia."

"Mara ngapi?"

Kimya. Halafu: "Mara tatu."

Jamani, nilikaa kitako. Skripti yenyewe ni faili la amri ambazo kompyuta inazitekeleza moja baada ya nyingine. Hii ilikuwa ya kuhamisha kadi za chanjo za watoto kutoka kwenye mfumo wa zamani kwenda kwenye hifadhidata mpya. Na kesho yake, Jumatatu, ilikuwa siku ya kliniki ya watoto.

Nikapeleka habari kwenye kundi letu la familia, nikitegemea kupata akili za watu wazima. Majibu niliyopata ndiyo yaliyoniweka macho. Shemeji akasema, "Mtandao tu huo, arudie." Binamu yangu akasema, "Wewe muuguzi, mambo ya kompyuta yanakuhusu nini?" Na mama mdogo, shikamoo mama mdogo, akafunga mjadala kwa methali: "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Angalau nusu imeingia."

Leo nawajibu wote watatu. Naanza na mama mdogo kwa sababu ya heshima, na kwa sababu kosa lake ndilo kubwa kuliko yote.

Kwanza tuelewane muamala ni nini. Mnaujua vizuri kuliko mnavyodhani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania, kwa hiyo hata bibi anajua neno "muamala". Ukimtumia mtoto ada, wewe unaona kitendo kimoja. Ndani yake viko viwili: hela inapunguzwa kwako, na hela inaongezwa kwake. Kikifanyika cha kwanza, cha pili kisifanyike, hela imepotea hewani. Kwa hiyo vitendo hivyo viwili vinafungwa kitanzi kimoja. Vyote vifanyike, au kisifanyike hata kimoja. Ni kama nikahi. Walii ametamka, bwana harusi hajakubali: kuna ndoa hapo? Hakuna. Hakuna nusu ndoa, na hakuna mtu anayekwenda kula pilau akisema angalau nusu imefungwa.

Wataalamu wa hifadhidata waliliona hili zamani. Jim Gray wa Marekani aliandika mwaka 1981 makala kuhusu dhana hii ya muamala, na mwaka 1998 akapewa tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ni kama Nobel. Mwaka 1983 Wajerumani wawili, Härder na Reuter, wakaziita sifa za muamala kwa kifupi ACID. Sifa ni nne: yote au hakuna, kanuni za hifadhidata zisivunjwe, muamala mmoja usiingiliane na mwingine, na kilichothibitishwa kidumu hata umeme ukikatika. Ya kwanza ndiyo ninayoipigania leo. Yote au hakuna.

Sasa mama mdogo anasema nusu ni heri. Nisikilize, mama.

Novemba 2024, kituo ninachofanya kazi kilihamisha kumbukumbu za wagonjwa kwenda mfumo mpya. Fundi aliendesha skripti Jumamosi usiku. Ilikuwa na hatua tatu. Ya kwanza iingize wagonjwa. Ya pili iongeze safu moja mpya kwenye jedwali la mizio, ile ambayo wengi wenu mnaiita aleji. Ya tatu iingize mizio yenyewe, kwamba huyu asipewe penisilini, huyu asipewe salfa. Juu kabisa aliandika amri ya kuanza muamala, chini kabisa amri ya kuthibitisha. Akaamini amejikinga.

Hakuwa amejikinga. Hifadhidata ilikuwa MySQL, na katika MySQL amri ya kubadili umbo la jedwali inathibitisha yenyewe kila kilichotangulia, bila kumwuliza mtu. Kwa hiyo hatua ya pili ilipofanyika, wagonjwa wote wa hatua ya kwanza walikuwa wameshapigwa muhuri. Kitanzi kilikatika katikati na yeye hakujua. Angekuwa anatumia PostgreSQL, hata kubadili umbo la jedwali kungerudishwa nyuma. Ndiyo maana nasema, huwezi kuendesha skripti bila kujua tabia ya chombo chako.

Hatua ya tatu ikakataa. Sababu? Jina la mke wa mgonjwa mmoja. Yeye ndiye aliyetoa taarifa ya mzio wa mumewe, na jina lake lina herufi ya Kichina iliyo adimu. Jedwali lile la mizio lilikuwa limetengenezwa zamani kwa seti ya herufi ambayo MySQL inaiita utf8, na hiyo inabeba herufi za baiti 3 tu. Herufi nyingi za Kichina zinatosha humo, lakini zile adimu, na nyingine zimo kwenye majina ya watu, zinahitaji baiti 4. Tiba yake, utf8mb4, ipo tangu mwaka 2010, na jedwali la wagonjwa lilikuwa nayo. La mizio halikuwa nayo. Herufi moja ikakataliwa, na amri nzima ya kuingiza mizio ikaanguka nayo.

Fundi akaona maneno ya kosa. Akafanya nini? AKARUDIA. Wagonjwa wakaingia mara ya pili, kwa hiyo kila mtu akawa wawili. Kisha skripti ikafia kwenye hatua ya pili, ikisema safu unayotaka kuongeza tayari ipo. Mmeona? Kosa jipya limelifunika kosa la kweli. Akaangalia skrini, akaona majina yamejaa, akafunga kompyuta akaenda kulala. Angalau nusu imeingia.

Jumatatu asubuhi akaja mzee mmoja, fundi wa mashine, koo limevimba, homa juu. Daktari akaandika amoksilini, ambayo ni ndugu wa penisilini. Nikafungua kumbukumbu zake. Sehemu ya mizio: tupu. Na hapa ndipo nataka mnielewe. Ile sehemu tupu haikusema "sijui". Kwa mtu mwenye haraka na foleni ya watu kumi na wawili, ilisema "hana". Hifadhidata iliyokufa kabisa ingetulazimisha tutafute makaratasi. Hii iliyokufa nusu ilitutazama usoni, ikatudanganya kwa sauti ya upole.

Kilichomwokoa mzee yule ni mazoea tu. Nilifundishwa kuuliza hata kama skrini imeshajibu. Nikamwuliza kwa Kichina changu cha kuokoteza, "Guomin?" yaani una mzio? Akatoa kijitabu mfukoni, kimekunjwa mpaka kimechakaa, akanionyesha kwa kidole. Penisilini. Aliwahi kuzimia kabisa. Hapa China kuna desturi ya kupima kwenye ngozi kabla ya kutoa penisilini, lakini mtu aliyewahi kuzimia kwa dawa hiyo hata kipimo hicho hafanyiwi ovyo. Nilimwandikia daktari, dawa ikabadilishwa, mzee akaenda zake akiniita dada wa Afrika. Mimi nikaenda chooni, nikasimama kule mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Kwa hiyo mama mdogo, methali yako ni nzuri kwa ugomvi wa majirani. Kwa hifadhidata igeuze. Heri shari kamili kuliko nusu shari. Skripti iliyokataa yote imekuachia ukweli wa jana, umechelewa tu. Iliyokubali nusu imekuachia uongo wenye sura ya ukweli.

Sasa shemeji. "Mtandao tu huo, arudie."

Shemeji yangu, kwetu neno "mtandao" limekuwa kama zamani neno "malaria". Kila homa malaria, kila kosa mtandao. Na kama vile tulivyojifunza kwamba homa inapimwa kwanza, hivyo hivyo kosa linasomwa kwanza. Yale maneno hayakuja kumtisha mtu. MySQL inatoa na namba, na kila namba ina tiba yake tofauti.

Namba 1213 inasema miamala miwili imeshikana makoo, kila mmoja anangoja kufuli lililo mkononi mwa mwenzake. Hifadhidata inauvunja mmoja na kuurudisha nyuma wote. Hapo kweli unaweza kurudia, mradi uurudie muamala wote tangu mwanzo.

Namba 1205 inafanana nayo lakini si ndugu yake. Inasema umengoja kufuli mpaka muda umeisha, na kwa kawaida muda huo ni sekunde 50. Hapa MySQL, usipoipangia vingine, inarudisha nyuma amri ile moja tu. Zilizotangulia ndani ya muamala bado zipo, zinangoja. Ukiendelea na kuthibitisha, umethibitisha nusu. Ukilichukulia kosa hili kama 1213, umeumia.

Namba 1366 ni ile ya herufi isiyoingia, na 1292 ni tarehe isiyokubalika. Hizi hata urudie mara mia hazibadiliki, maana tatizo limo ndani ya data. Kurudia hapo ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo mara tatu kwa siku.

Na mtandao wenyewe ukikatika kweli? Hapo ndipo kurudia ni hatari zaidi ya kote! Namba 2013 inasema mawasiliano na seva yamekatika katikati ya amri. Ikiwa yalikatika wakati unathibitisha, hujui kama uthibitisho ulifika kabla kamba haijakatika au la. Ni kama mama mdogo alivyotuma ada mwaka ule, ujumbe ukachelewa, akatuma tena, shule ikapokea mara mbili, na kuirudisha ikawa vita ya miezi miwili. Ujumbe kutofika si sawa na hela kutofika. Unaangalia salio kwanza.

Haya binamu, zamu yako. "Wewe muuguzi, yanakuhusu nini?"

Yananihusu kwa sababu huo ndio uuguzi wenyewe. Naingia zamu, nakuta mgonjwa wa sindano ya saa nne. Chati haina saini. Muuguzi aliyetoka ameshapanda basi. Sindano imetolewa au haijatolewa? Kwa hoja ya shemeji, nichome tu, maana chati "imekataa". Mgonjwa akifa tutasema mtandao? Tangu mwaka wa kwanza wa shahada yangu nilifundishwa: kama hujui dozi imetolewa, hutoi nyingine. Unampigia aliyetoka, unahesabu vichupa vilivyobaki, unamwuliza mgonjwa, unamwangalia. Ukishajua, ndipo unaamua. Na ukishatoa unasaini pale pale, kwa sababu dozi isiyosainiwa ni muamala usiothibitishwa.

Halafu msidhani haya ni mambo ya Wazungu na Wachina. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika nchi nyingi, ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Regenstrief Institute ya Indiana na mpango wa AMPATH wa Eldoret, Kenya. Kabla yake, mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret kilikuwa tayari na mfumo wake wa kompyuta. Na OpenMRS inakaa juu ya MySQL hiyo hiyo ninayoilalamikia hapa. Hifadhidata ya wagonjwa si kitu kigeni Afrika Mashariki, tuko nayo zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo muuguzi asiyejua data yake inaingiaje ni kama muuguzi asiyejua dawa yake imetunzwa wapi.

Najua kuna mafundi wananisoma hapa, wananuna. "Dada, huko kwenu seva haizimi. Sisi umeme unakatika, kompyuta moja, foleni nje, mganga mkuu anataka ripoti." Nawasikia, nimefanya kazi huko, nimeingiza data kwa mwanga wa simu. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Palipo na umeme wa uhakika unaweza kubahatisha. Pasipo na umeme wa uhakika, muamala ndio jenereta yako! Umeme ukikatika kabla ya kuthibitisha, hifadhidata ikiwaka inajirudisha yenyewe ilipokuwa. Anayeendesha amri moja moja bila kitanzi ndiye anayeumizwa na umeme.

Wengine watasema muamala mkubwa unafunga majedwali na kuwazuia wenzako kufanya kazi. Hilo ni kweli. Basi kata mafungu. Watoto 500, thibitisha, andika mahali kwamba fungu la kwanza limekwisha, nenda la pili. Ukianguka kwenye fungu la tatu unajua pa kuanzia. Fungu dogo linalojulikana si nusu shari, ni safari yenye vituo.

Huku Huangpu zamani, wakati wa biashara ya Canton, meli za kigeni zilitia nanga hapa, hazikuruhusiwa kupanda mpaka mjini. Mizigo ilishushwa kwenye mashua ndogo ikapelekwa kwenye maghala ya Canton. Nikipita kandokando ya mto huu jioni huwa nafikiri: mashua isipoonekana ghalani, karani mwenye akili angefanya nini? Angejaza mashua ya pili mzigo ule ule? Angeuliza kwanza ile ya kwanza iko wapi.

Basi fundi afanye nini skripti ikifa? Nasema kama ninavyomfundisha mwanafunzi wa uuguzi.

Kwanza, ondoa mkono kwenye kibodi. Usirudie.

Pili, nakili kosa la KWANZA, neno kwa neno, pamoja na namba yake na mstari wa skripti ulipotokea. La kwanza ndilo ugonjwa, yanayofuata mara nyingi ni dalili tu. Ukitumia PostgreSQL utaona inasema muamala umeshavunjika na amri zako zinapuuzwa. Hilo silo kosa lako, panda juu ukalitafute lililolitangulia. Na ujue kwamba programu yake ya psql, usipoiambia isimame kwenye kosa, inaendelea na amri zinazofuata. Ile ya MySQL yenyewe inasimama, labda uilazimishe isisimame. Tafadhali msiilazimishe.

Tatu, hesabu kilichobaki ndani. Mistari mingapi ilikuwepo kabla, mingapi ipo sasa? Kama hukuhesabu kabla, hilo nalo ni kosa lako, liandike usilirudie.

Nne, jua kitanzi chako kilikuwepo au la. MySQL kwa kawaida inathibitisha kila amri peke yake mpaka uiambie vingine. Na majedwali ya aina ya zamani, MyISAM, hayajui kabisa kurudi nyuma. Aina ya InnoDB inajua, nayo ndiyo ya kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010. Majedwali ya kabla ya hapo yanaweza bado kuwa ya zamani, kayaangalie.

Tano, tibu sababu, jaribu kwenye nakala, ndipo uje kwenye hifadhidata yenyewe. Na njia ya kurudi nyuma ijaribiwe pia. Juni 2012 benki ya RBS ya Uingereza iliboresha programu inayopanga kazi zake za usiku, ikapata matatizo, wakaamua kurudi nyuma, na ile kurudi nyuma ndiyo iliyowaangusha. Wateja zaidi ya milioni 6 waliguswa, na mwaka 2014 wakapigwa faini ya pauni milioni 56. Hao ni watu wenye fedha na majengo. Sisi wenye kompyuta moja tutajivunia nini?

Sasa mnataka kujua ya mdogo wangu. Usiku ule nilimwambia afunge hiyo hifadhidata na Jumatatu kliniki iendeshwe kwa kadi za karatasi ambazo akina mama wanakuja nazo mkononi. Mganga alinuna, akakubali. Tukalitafuta kosa la kwanza, tukalikuta: namba 1292. Mfumo wa zamani, mtoto asipojulikana tarehe ya kuzaliwa, ulimwandikia sifuri tupu, mwaka sifuri, mwezi sifuri, siku sifuri. MySQL mpya haikubali tarehe hiyo. Skripti ilikuwa imepanga watoto kwa majina, kila mtoto kwa amri yake, bila kitanzi. Ikaingiza wote mpaka kufika kwa mtoto mmoja wa herufi M, ikafa. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu vile vile.

Matokeo yake? Watoto wote wa A mpaka katikati ya M walikuwa na kadi tatu tatu. Na kuanzia hapo, akina Mwanaidi, Salimu, Zainabu na Zuberi hawakuwepo duniani. Fikirini Jumatatu asubuhi mama wa Zainabu amefika bila kadi, ameisahau nyumbani. Kompyuta inasema mtoto huyu hajawahi kuchanjwa. Achomwe tena zote? Na upande wa pili ripoti ya zahanati ingesema watoto wa A mpaka katikati ya M ni mara tatu ya walivyo, na chanjo zingeagizwa kwa hesabu hiyo.

Bahati ni kwamba Jumamosi alikuwa amechukua nakala ya akiba, kwa sababu dada yake ni msumbufu. Jumapili hakuna aliyeingiza kitu, kwa hiyo akairudisha ile ya Jumamosi bila hasara. Tarehe zisizojulikana tukaziacha wazi kama zisizojulikana, badala ya kudanganya kwa sifuri. Namba ya kadi tukaipa sharti isijirudie, ili hata mtu akirogwa akarudia skripti, hifadhidata imkatalie. Tukaweka kitanzi, tukajaribu kwenye nakala, tukahesabu kabla na baada. Jumatano jioni hesabu zikalingana, ndipo akathibitisha. Akanitumia picha ya skrini, ana tabasamu la mtu aliyefaulu darasa la saba.

Simlaumu sana mdogo wangu. Alifanya alichofundishwa na sisi sote, kwamba kitu kikikataa, bonyeza tena. Ninaowalaumu ni sisi wakubwa tuliomjibu "arudie" bila hata kuuliza imesema nini. Kurudia bila kusoma si bidii, ni uvivu uliovaa ovaroli.

Kwa hiyo shemeji, siku nyingine mtu akikuambia imekataa, muulize kwanza imesema nini. Binamu, njoo zamu moja ya usiku uone kama hainihusu. Na mama mdogo, methali yako nimeigeuza kwa ruhusa yako, nikija likizo nitakuletea chai ya huku unisamehe.

Saa nane usiku sasa, na kesho naingia zamu ya asubuhi. Habari za hekalu na picha zake zinakuja, ahadi. Msalimieni bibi, mwambieni dawa za presha asirudie dozi akisahau kama ameshameza.

Wasalaam, dada yenu wa Huangpu.